Tanzia Katika Kichupo Kipya

Kompyuta ya duka letu la steshenari, hapa mjini Tabora, ni kongwe na ina nongwa. Ukifungua kivinjari kimoja inavumilia. Ukiwasha cha pili inaganda, na mteja aliyekuja kuchapisha barua ya maombi anaanza kukutazama kama wewe ndiye uliyeganda. Ndiyo maana niliandika skripti. Mistari michache tu: ikifika linki kutoka kwa mdogo wangu, isiwashe kivinjari upya, bali iikabidhi kwa kile ambacho tayari kiko wazi, ifunguke kwenye kichupo kipya. Mimi nisiguse kitu.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekuwa akimuuguza baba kule Usoke. Alimrekodi video fupi, akazipandisha mtandaoni, akatuma linki kwa ndugu wote kwa mkupuo mmoja: mimi, kaka yetu aliye ng'ambo, shangazi wa Mwanza. Nikiwa nachapa fomu za watu, baba anachomoza hapo hapo kwenye kioo, anakunywa uji, analalamika kwamba hauna sukari. Nilijisifu sana kwa ile skripti. Mambo ya kompyuta yananipa kiburi.

Alipozidiwa nilisema nitakwenda Jumamosi, duka likifungwa. Nilitaka nimkute hai, nimsalimie, anijibu. Hilo tu.

Ijumaa mchana mwenye duka alikwenda kuswali, nikabaki na mashine ya fotokopi. Kichupo kikafunguka. Picha ya baba akiwa na koti lake la kwaya, na juu yake neno TANZIA kwa herufi kubwa. Nilisoma mpaka chini: jina lake, kisha majina yetu sisi watoto. Sikuhisi kitu. Nilikagua makosa ya uchapaji, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikaona kuna nafasi iliyozidi baada ya nukta. Kisha nikamalizia kutoa kopi ambazo mtu aliziacha asubuhi.

Kwetu habari ya msiba haitolewi kwa simu. Unaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo. Ukifika nyumbani ndipo wazee wanakuketisha na kukueleza. Kila mtu anaujua mchezo huu, na bado kila anayeitwa anauamini. Nilijua simu itakuja, na kweli ikaja. Alikuwa baba mdogo.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umeshakula?”

“Bado.”

“Kula kwanza. Halafu uje Usoke leo leo. Mzee wako hali yake si nzuri, anakuulizia.”

Anakuulizia. Picha ya baba ilikuwa bado mbele yangu.

“Sawa, baba, nakuja,” nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyeitwa kwenye kikao.

Ningeweza kumwambia kwamba najua. Lakini walikuwa wamejipanga vizuri, hata kwenye kundi la familia hakuna aliyeandika neno. Aliyeteleza ni mdogo wangu peke yake, aliyetuma linki kwa wote kama alivyozoea, macho yamejaa machozi. Ningefungua mdomo, wangemla mzima.

Haikupita muda, mzee mmoja wa kanisa akasimamisha gari mbele ya duka. Eti alikuwa anaelekea Urambo, akasikia nami nina safari. Eti! Njiani aliniuliza habari za mvua, akaniuliza habari za duka, akaisifia tumbaku ya watu kando ya barabara. Akasimulia jinsi wapagazi wa zamani walivyopita pande zile na mizigo yao wakielekea Ujiji, nami nikaguna panapostahili. Tulikuwa wanafiki wawili wenye adabu nzuri. Kifuani mwangu mlikuwa kimya kama redio iliyoishiwa betri. Nilimwonea huruma yeye kuliko nilivyojionea mimi, maana alikuwa anatoka jasho.

Tulipokaribia nyumbani vilio vikakatika ghafla. Walikuwa wameliona gari. Baba mdogo akanishika mkono, akanipitisha katikati ya watu mpaka ndani, akanipa kiti, akanipa maji. Akasubiri nimeze.

“Baba yako ametutoka asubuhi,” akasema taratibu.

Wakaningoja nilie. Shangazi zangu walikuwa wameshanyoosha mikono wanidake. Nami nikasema, “Ndiyo, baba,” kama mwanafunzi aliyeitwa jina darasani. Wakatazamana. Mlangoni mdogo wangu akainamisha kichwa. Alikuwa ameshagundua alichofanya.

Mama alikuwa ameketi mkekani. Alinikazia macho.

“Huyu alikuwa anajua,” akasema.

Kisha akanigeukia mimi.

“Habari zilikukuta wapi, mwanangu?”

“Dukani, mama.”

Nilijua swali linalofuata ni nani aliniambia, na uongo wake nilikuwa nimeshautunga tangu njiani. Hakuliuliza.

“Ulikuwa na nani?”

“Nilikuwa peke yangu.”

Mama hakuwa ametoa chozi tangu asubuhi. Hilo niliambiwa baadaye. Alipiga ukelele mpaka waliokuwa nje wakanyanyuka.

“Peke yake! Mwanangu kapata msiba hana hata wa kumshika!”

Akanivuta, akakilaza kichwa changu mapajani mwake mbele ya watu wote, mtu mzima na ndevu zangu. Hapo ndipo baba yangu alipokufa, nami nikalia.