Soli ya Ndara

Mwaka ule baada ya mafuriko makubwa, ardhi ya Garsen ilikauka vibaya. Ng'ombe walikuwa wameikanyaga ikiwa bado tope, na jua lilipowaka kila alama ya kwato ikabaki pale pale, ngumu kama tofali. Juu ya ardhi hiyo mimi, mtu wa Taita niliyezoea vilima, nilikuwa nakimbia kila alasiri. Watu wa mjini waliniona sina akili timamu. Mama aliyekuwa akiniuzia chapati aliniuliza nani ananifukuza. Nikamwambia kitambi, naye akacheka sana, maana kitambi chenyewe sikuwa nacho.

Nilikuwa fundi wa pampu ya maji. Kazi yangu ilikuwa kuwasha mashine, kuisikiliza, kubadilisha gasketi, mpira wa kuzibia maungio, ikipasuka, na kuhakikisha hori la saruji limejaa kila wafugaji Waorma wanapoleta ng'ombe wao kunywa. Nilipewa chumba nyuma ya pampu. Humo niliweka kitanda cha watu wawili, kwa sababu mke wangu alisema atakuja akishavuna. Akavuna, akasema mama yake hajisikii vizuri. Mama akapata nafuu, mafuriko yakakata barabara. Kusema kweli niliyapenda mafuriko yale kidogo, kwani kwa miezi kadhaa nilikuwa na jibu la kumpa kila aliyeniuliza mke yuko wapi. Kisha barabara ikafunguliwa, na salamu zake zikaanza kupungua.

Basi nikawa nakimbia. Nilitoka pampuni nikafuata ukingo wa barabara kuelekea njia panda ya Minjila, ambako basi la kutoka Malindi lilipita alasiri likiwa na askari ndani. Niliwaambia watu ni mazoezi. Yalikuwa mazoezi kweli, ila yalifuata saa ya basi. Mke wangu aliogopa upande ule, aliogopa mbu na majambazi wa barabarani, na nilimjua: akishuka akakosa mwenyeji, angepanda basi la kurudi bila hata kuomba maji ya kunywa. Sikuweza kukubali ashuke nisiwepo.

Kisha kisigino cha kulia kikaanza. Raba zangu zilikuwa zimelika, soli imelala chapati, na kila hatua ilikuwa kama kukanyaga msumari. Asubuhi nilishuka kitandani nikishika ukuta. Nikajizoeza kukimbia kwa kulalia ukingo wa nje wa mguu, nikawa nakwenda upande kama kaa. Siku moja basi lilinipita nikiwa bado njiani. Niliona vichwa madirishani, sikuweza kutambua hata kimoja. Nilipofika Minjila nikichechemea, basi lilikuwa limekwenda zake na muuza miraa alikuwa anafunga mzigo wake. Nikamuuliza kama kuna mwanamke ameshuka.

"Mwanamke gani?" akaniuliza. "Yukoje?"

Nilikumbuka kitambaa chake cha kichwa na jinsi anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito, lakini hayo si mambo ya kumwambia muuza miraa. Nikasema basi, haidhuru. Nilirudi nikitembea, nikiwa na hasira na kisigino kuliko nilivyowahi kuwa na hasira na mtu.

Kesho yake nilianza kutengeneza soli. Duka la viatu vya mbio halikuwepo, na hata lingekuwepo, mshahara ulikuwa unakuja unapotaka wenyewe. Nilichokuwa nacho ni visu vyangu vya kukatia gasketi, gundi ya kuzibia pancha, na ubishi. Kwanza nilikata sponji ya godoro, upande wa kitanda usiolaliwa na mtu. Ilikuwa laini ajabu chumbani, nikatembea huku na huku nikitabasamu peke yangu. Nilipotoka kukimbia ikalala kabla sijaufikia msikiti. Nikajaribu tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka. Hiyo ilinirusha vizuri, lakini mguu ulichemka na kuteleza, na kifundo kikakaribia kuteguka.

Dawa niliipata vichakani kando ya mto. Maji yalipoondoka yaliacha ndara kila mahali, zile ndara za mpira za kuendea bafuni, zimenasa kwenye miiba, kila moja bila mwenzake. Niliziokota, nikaziosha, nikazibonyeza moja moja kwa kidole gumba. Nilikuja kugundua kwamba ulaini mtupu haumsaidii mkimbiaji. Kisigino kikizama chote, mguu unayumba na maumivu yanahamia gotini. Basi nikachukua ndara ngumu, nikachonga shimo la duara mahali kisigino kinapotua, kama bakuli, nikalijaza kipande cha ndara laini. Kipande hicho nikakitoboa vitundu kwa ule mrija wenye ncha kali ninaotobolea gasketi, ili kibonyee na kurudi. Ukingo ukawa unaushika mguu, katikati pakawa panapokea kishindo. Chini kabisa nikabandika mpira wa tairi niliouchuna hadi ukawa mwembamba, laini, bila meno yoyote, kisha soli nzima nikaigandisha kwenye raba badala ya ile iliyolika.

Nilifanya kazi hiyo nikiwa nazungumza na soli. Hakukuwa na mwingine wa kuzungumza naye, na mashine ya pampu ilikuwa na kelele zake. Siku nilipozivaa na kukimbia hadi Minjila bila kisigino kuuma, nilipiga kelele ya furaha barabarani. Nilifika mapema. Basi likaja, wakashuka watu na magunia, likaondoka. Kesho yake vivyo hivyo. Kwa wiki nzima nilikimbia kama kijana, nikifika kabla ya wakati, na wiki nzima nikarudi na miguu mizima.

Ndipo asubuhi moja akaja mmoja wa Waorma waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao horini, mtu wa makamo, mpole, ambaye hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu na habari za maji. Siku hiyo hakuwa na ng'ombe. Alikuja na wenzake wawili, kila mtu na fimbo yake, wakasimama mlangoni wakinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Fundi," akasema, "wewe mzima?"

"Mzima. Kwani kuna nini?"

"Mguu yako imepotea. Siku mingi hakuna. Ile ya kulia inakanyaga pembeni, hakuna. Iko mguu ya mgeni, pana, haina meno, inapita njia yako. Sisi tukasema, huyu mgeni amefanya fundi nini?"

Nilielewa polepole. Watu hawa hutambua nyayo za ng'ombe wao mmoja mmoja, na za watu vilevile. Walikuwa wamekuja kuangalia kama nimeuawa. Nikaingia ndani, nikaleta raba, nikaikandamiza vumbini mbele yao. Wakainama, wakatazamana, kisha wakacheka hadi wakashikana mabega, nami nikacheka nao. Wale wawili wakaenda zao. Yeye akabaki, akachuchumaa, akabonyeza bakuli la kisigino kwa kidole.

"Nzuri," akasema. "Sasa haiumi?"

"Haiumi."

"Lakini ndiyo hiyo hiyo. Inaenda mpaka Minjila, inasimama pale gari inasimama. Inageuka huku, inageuka huku. Gari ikienda, inarudi pole pole." Akafuta ule wayo kwa kiganja. "Tangu barabara imefunguka tunaona. Inaenda moja, inarudi moja. Hakuna mguu ingine imerudi na yeye."

Mwaka mzima nilikuwa nimeamini hakuna anayeniona.

"Ni mama ya nyumbani?" akauliza.

"Ndiyo."

"Anakuja?"

Nilikuwa na majibu yangu ya kila siku: mavuno, mama mkwe, barabara. Yote yalikuwa yamenifika mdomoni.

"Haji," nikasema.

Hakunipa pole. Aliinuka akiegemea fimbo, akaielekeza upande wa pili, kule mbali ambako vumbi la ng'ombe lilikuwa linapanda.

"Basi kimbia huku," akasema. "Huku iko watu."