Malkia Juu ya Jani la Mgomba

Siku ya kwanza kazini nilibeba mabegi tu. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga debe stendi ya Msamvu, maneno mengi, hasira karibu. Mama mmoja mwenye mabegi akaniuliza gari la Matombo lipi, nikaishia kumfikisha Matombo kwenyewe. Kumbe mama huyo ni Daktari, wa vitabu, si wa hospitali. Alichunguza mchwa, nami nikawa msaidizi wake. Mpaka leo mtu akimsema vibaya mbele yangu tunakosana.

Wadogo zangu, mnadhani malkia wa mchwa anatoa amri? Hatoi. Anataga tu. Kila mchwa anabandika tonge la udongo pale anaponusa udongo mbichi wa mwenzake, harufu inavuta wengine, nguzo inasimama. Hakuna fundi wala ramani. Daktari aliita jambo hilo kujipanga kwenyewe.

Nikabisha: kama nyumba inajipanga, ule uteuzi wa asili anaousema kila siku, dhaifu afe na imara azae, una kazi gani?

"Unachuja," akasema. "Mchwa harithi ramani, anarithi katabia ka kubandika tonge. Katabia kakibadilika kidogo, ukuta unatoka tofauti. Masika ikija, nyumba mbovu inakufa na watu wake. Nzima inarusha kumbikumbi, wanakwenda kuanzisha nyingine na tabia ileile."

Nyuma ya nyumba ya mwenyeji wetu, Mzee Shabani, kilikuwepo kichuguu kilichohimili masika wakati vya jirani vinabomoka. Tulingoja kirushe kumbikumbi, tuone watoto wake watajengaje. Kazi yote ya Daktari ilikuwa hapo.

Mzee alituonea huruma. Kwake mgeni hasubirishwi. Asubuhi moja akaja na malkia, mnene kama kidole gumba, juu ya jani la mgomba.

"Mwanangu, umehangaika sana na hiki kichuguu. Mwenyewe huyu hapa."

Nilishafungua mdomo. Daktari akanibana mkono, akapokea lile jani kwa mikono miwili. "Asante sana, baba." Kisha akaninong'oneza: mzee asijue kamwe kwamba kazi yetu imeharibika.

Tulikuta mchwa wanaziba shimo alilochimba Mzee, tonge kwa tonge, vizuri kabisa. Walijipanga vilevile, ila bila malkia wa kutaga nyumba haikuwa na warithi tena, na masika haikuwa na cha kuchuja. Wakaisha taratibu. Daktari akaondoka, mimi nikastaafu kijana, nikarudi Msamvu.

Bado nampelekea Mzee sukari. Akishaitikia shikamoo, ananiuliza kama Daktari aliipenda ile zawadi.

"Sana, Mzee."

Halafu nazunguka nyuma, kwenye ule udongo uliobaki, nakaa mpaka hasira ishuke.