Msiba Uliopita Hewani

Nimekasirika, na sitaki kuambiwa nipoe. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili wa redio moja ya hapa Tanga, wanatengeneza kipindi cha siku za mwanzo za redio. Wakamkalisha baba barazani kwetu Ngamiani, wakamwekea kipaza sauti mdomoni, maana baba ndiye wa kwanza kuwa na redio mtaani kwetu. Hilo ni kweli. Mengine aliyosema, mh!

Ati mtaa mzima ulikuwa ukisikiliza kwake. "Nyumba yangu ilikuwa wazi kwa kila mtu," akasema, mkono kifuani. Nilikuwa ndani nakuna nazi, nikaiacha, nikaja kusimama mlangoni nimsikie vizuri. Wazi kwa nani, baba?

Redio ile ilikuwa ya mbao, ya betri, ikikaa juu ya kabati. Mama aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akikifua kila Alhamisi. Kufuma na kufua aliruhusiwa. Kugusa swichi, thubutu! Jioni baba anafungua taarifa ya habari, wanaume wamejaa barazani, na habari zikiisha tu, kabla ya matangazo ya vifo, anazima. "Tutunze betri," anasema. Kila siku hivyo hivyo.

"Bwana, tuachie tusikie na vifo," mama alimwomba, tena si mara moja. "Mimi nina watu Pangani."

"Kifo hakikosi njia," baba akamjibu.

Basi bibi, mama yake mama, akafariki huko Pangani. Zama hizo nani ana simu? Ukifiwa unatuma tangazo redioni, na ndugu waliko wanasikia. Wajomba wakatuma. Mtu hawakumtuma, wamtume wa nini, na mkwe wao ana redio? Wakamweka maiti mpaka kesho yake alasiri, wakimngoja binti aje amkoshe mama yake. Jina la mama likatajwa hewani, na sisi kwetu redio imefunikwa kitambaa.

Habari mama alizipatia sokoni. Nilikuwa mdogo, nimemshikia kikapu, yeye anachagua dagaa. Mwanamke wa mtaa wa pili akamshika mkono: "Pole na msiba, dada yangu."

"Msiba wa nani?" mama akauliza.

Nakumbuka dagaa walivyomwagika. Tulipofika Pangani bibi alikwishazikwa, na mjomba mkubwa akamwambia mama mbele ya watu wote: "Mwenye redio ndiye asiyesikia?" Wakaamini kwamba amesikia akadharau. Na mama angesema nini? Kwamba mumewe huzima? Mwanamke wa kwetu humsitiri mumewe, naye akamsitiri, akala lawama peke yake. Wajomba wakafa mmoja mmoja na kinyongo chao. Amebaki yule mdogo, kule Pangani, ambaye siku hizi hatoki kitandani, kazi yake kusikiliza redio. Mpaka leo mama akituma salamu, hajibu. Na mimi baba yangu nampenda, lakini hili sijamsamehe, na nalisema waziwazi.

Sasa pale barazani, yule kijana wa redio akamgeukia mama aliyekuwa akiwaletea kahawa. "Na wewe bibi, ulikuwa ukipenda kipindi gani?"

Mama akaweka sinia chini. "Matangazo ya vifo," akasema. "Na sikuyasikia hata siku moja. Alipofariki mama yangu ilitangazwa, mume wangu alikuwa ameshazima. Ndugu yangu wa Pangani, kama unanisikia, sikudharau. Sikusikia."

Baba akakohoa, akatazama barabarani. Mimi nilitaka kupiga vigelegele!

Jana kipindi kikarushwa. Mama alikuwa ameshampigia mtoto wa mjomba, kamsihi amwekee babake redio karibu na sikio. Tukakaa. Baba akasema yake yote, hatukupunguziwa hata neno. Nikamtazama mama, ameshika ncha ya kanga, anangoja. Mtangazaji akasema, "Mkewe naye alikuwa mpenzi mkubwa wa redio," kisha ikapigwa taarabu.

Basi! Ndiyo hivyo, kwisha. Nikampigia yule kijana palepale.

"Dada, yale yalikuwa mazito," akaniambia. "Kipindi chetu ni cha furaha."

Mazito! Kwani ameyabeba yeye? Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sijutii hata moja.

Huku nyuma baba anatabasamu, taarabu inaendelea. "Mmeisikia sauti yangu?" anatuuliza. "Bado ni ile ile."

Mama akainuka, akaenda mwenyewe mpaka kwenye redio, akaizima.

"Tutunze betri," akasema, na redio yenyewe ni ya umeme. Kisha akanigeukia mimi. "Nipe buibui langu. Twende Pangani."