Sentensi Yangu ya Redioni na Ng'ombe wa Naserian

Jamani, hili naona aibu hata kulianza, maana mimi ndiye yule mwalimu wa sheria wa chuo mnayemsikia redioni kila kukizuka jambo, na siku ile pale Karatu ilinipasa ninyamaze.

Nilikuwa nimekuja likizo, redio moja ya pale mjini ikaniomba nizungumzie mirathi, nami (mpenda sifa, nikiona kipaza sauti moyo unacheza) sikujiuliza mara mbili, nikaenda bila kujiandaa. Mwishoni akapiga simu mtu wa kijiji cha Endulen, akauliza mtu akifa mali yake inakuwa ya nani, na mtangazaji huku ananionyesha kwamba muda umekwisha, basi nikaona nifunge kwa sentensi tamu: "Kisheria, mali ya marehemu ni ya msimamizi wa mirathi. Nukta."

Nusu nzima ya jibu ilibaki, kwamba msimamizi anaishika tu kwa niaba ya warithi ili awagawie (hiyo nusu nimeiandikia makala ndefu iliyonipandisha cheo, ila ni ya Kiingereza, na nadhani tumeisoma mimi na mhariri). Nikatoka studio napewa mikono.

Kumbe aliyepiga ni Saitoti, kaka wa marehemu mume wa dada yangu Naserian. Ukoo ulimteua yeye kuwa msimamizi, mahakama ikamthibitisha, na tangu hapo dada anamsihi awape yeye na wanawe ng'ombe wao. Siku ya mnada wa Karatu dada akanipigia analia, ng'ombe wote wameletwa kuuzwa.

Nikafika na suti yangu (suti, mnadani, kwenye matope na samadi), nikajipenyeza hadi mbele nikapaza sauti kwamba uuzaji ule ni batili. Saitoti hakubisha. Alitoa simu, akamwomba dalali kipaza sauti, na sauti yangu aliyoirekodi redioni ikasambaa mnada mzima mpaka ile nukta, watu wakacheka, mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nina pacha. Nikaanza kueleza habari za warithi, nikachanganya na Kiingereza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo lori la mnunuzi lilivyozidi kujaa.

"Shemeji," Saitoti akaniambia, "wewe ndiye uliyenifundisha."

Naserian hakunikemea. Alikuwa anamwangalia yule ng'ombe mwekundu wanayemkamua akipandishwa, kisha akasema, "Kaka, najua tutaenda mahakamani. Watoto watakunywa nini leo jioni?"

Kesi tumefungua, na kielelezo cha kwanza cha wakili wa Saitoti ni sauti yangu. Nimeapa, swali la mali ya mtu nitalijibu lote au nitasema muda hautoshi, ingawa kiapo chenyewe hakirudishi ng'ombe. Redio bado wananipigia kila wiki. Naserian hapigi.