Tairi Zisizo na Meno

Ilikuwa saa tisa na robo alasiri pikapu ya mama ilipozama kwenye udongo mweusi wa Lambwe, ikiwa imebeba nyanya za soko la Oyugis pamoja nami, nikiwa mtoto mdogo. Niliikumbuka siku hiyo juzi, muuza tairi aliposhikilia ninunue zenye meno makubwa ya matope. Nilikataa, nikachukua za njia zote, za lami na za udongo.

Vijana waliokuwa wakisubiri magari yakwame walikuja wakicheka. "Mama, tairi gani hizi hazina meno? Leta mia tano tusukume."

"Meno huliwa na lami," mama alijibu. "Na mia tano sitoi."

Alichuchumaa, akabonyeza vali ya kila tairi. Upepo ulitoka kwa mlio kama wa nyoka, ukinuka mpira mkuukuu. Nililia, nikidhani analiua gari makusudi ili wasilipate.

"Nyamaza, nyathina, mwanangu," mama aliniambia.

Sikujua kwamba tairi ikilegea hutanuka na kushika udongo.

"Sasa umeharibu kabisa, mama! Kusukuma sasa ni elfu moja!" kijana mmoja alipaza sauti.

Mama alirudi kwenye usukani, akatia gia ya kwanza, akatoka polepole bila kuwatazama, tope likiwarukia mashati. Siku ile mama aliokoa shilingi elfu moja.