Fundo la nyasi nililofunga kwenye njia ya wakata mkonge

Wakuu, wakubwa wangu shikamooni. Wadogo, nimeshaitika marahaba, najua mngesahau.

Hii si chai. Yalinikuta mwenyewe Kilosa, enzi za Mwingereza, na kwa umri wangu sina nguvu za kutunga.

Nijitambulishe kwanza: mimi ni mtu wa nyumbani. Mjukuu aliyenifungulia akaunti hii anasema safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani hadi kibarazani. Kwa hiyo mkisikia kwamba nilikuwa skauti, tena kwa miaka, mtacheka.

Chekeni, nawasubiri.

Nilijiunga kwa ajili ya skafu. Ukiivaa, hata mabinti wa darasa la juu walikuuliza habari za asubuhi.

Baba alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkonge aliyeletwa kwa mkataba kutoka mbali. Tuliishi kambini, katikati ya mkonge, tukiamshwa na king'ora cha korona. (Vijana tulieni, si ule ugonjwa. Korona ni kiwanda cha kukamua mkonge.)

Sasa kikosi chetu kikawa kinajiandaa kwenda kupiga kambi Mikumi. Si Mikumi hii ya hoteli na malori. Ile ilikuwa pori, na wenyeji walikuwa tembo.

Ili uende, lazima ufaulu mtihani wa kuweka njia. Unatangulia, unaacha alama, wenzako wanakufuata bila kukuona. Jiwe juu ya jiwe maana yake njia ni hii. Nyasi ndefu zilizofungwa fundo, ncha zimelala kulia, maana yake kata kulia.

Mwalimu wetu alituachia tuchague pa kupita. Wenzangu wakachagua kando ya mto Mkondoa, kwenye vichaka na mamba. Mimi nikaipitisha njia yangu nyuma ya jiko la mama.

Jioni nikafunga mafundo yangu kwenye kijia kilichopita hapo kuingia shamba la mkonge, nikala, nikalala na skafu shingoni.

Alfajiri nikaamshwa na kelele.

Nikatoka. Kundi la baba lilikuwa limesimama mwanzo wa kijia, visu mkononi, na hakuna aliyeingia. Walikuwa watu wa makabila mengi, wengine hata Kiswahili kinawapiga chenga, lakini mbele ya lile fundo la nyasi walielewana mara moja. Makwao kote, fundo la namna hiyo njiani hufungwa na mtu anayekutakia mabaya. Ukilivuka, umekwisha.

Nyapara alikuwa anafoka, ila na yeye alikuwa upande uleule wa walioogopa.

"Msipoingia sasa hivi, leo hakuna alama kwenye kipande."

Kipande ndiyo ilikuwa kadi ya kazi. Siku isiyo na alama ni siku ambayo hukuwepo duniani, na mkataba wako unazidi kurefuka. Baba alikuwa anahesabu siku amalize wake.

"Tangulia wewe, nyapara," mmoja akamwambia. "Tuko nyuma yako."

Nyapara akashikwa na kikohozi.

Nikajipenyeza. "Shikamooni. Hilo fundo ni langu. Ni alama ya skauti, inaonyesha njia."

"Njia ya kwenda wapi, mwanangu? Kaburini?"

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wangu," baba akasema.

"Basi alifungue mwenyewe. Kama ni lake, halitamdhuru."

"Na kama si lake?"

"Hapo tutajua."

Nikapiga hatua, nikainama. Kabla sijaligusa, baba akanikamata skafu kwa nyuma, akanivuta kama mbuzi.

Alivua kofia, akanipa niishike, akalivuka fundo. Akarudi, akalivuka tena. Kisha akachuchumaa akalifungua taratibu, kwa vidole vile vilivyojaa makovu ya miiba ya mkonge.

Watu wakamtazama, wakisubiri aanguke. Hakuanguka.

"Si niliwaambia," nyapara akasema.

Wakaingia kazini. Siku yao ikawekwa alama.

Mwalimu alipopata habari alinipeleka kuwaomba radhi wale wazee, halafu akatuwekea sharti jipya: kabla hujaweka alama kwenye njia ya watu, waulize wenye njia. Mikumi nilikwenda. Nililia kwa kumkumbuka mama, hilo naomba liishie humuhumu.

Miaka ikapita. Nilipomaliza sekondari, siku moja tunamenya mihogo na baba, nikamuuliza.

"Baba, siku ile uliniamini kwamba fundo ni langu?"

"Sikukuamini. Mtoto akiona wakubwa wanagombana husema lolote ili yaishe."

"Sasa mbona ulilivuka?"

Akaniangalia kama nimeuliza mbona maji yanalowesha.

"Si ulikuwa umeshainama kulishika?"

Akaendelea kumenya.

Wakuu, skauti tuliapa kumtendea mtu wema kila siku. Kiapo nilikikariri vizuri, mkono juu, vidole vitatu. Maana yake nilifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kuvaa skafu, na ambaye asubuhi ile alikuwa na hofu kuliko sisi wote.

Mliokulia kambini, na mliowahi kuwa skauti, uwanja ni wenu. Hebu tuambieni: wazazi wenu walivuka nini kwa ajili yenu?

Nipo kibarazani, nasoma. Siendi popote.