Mstari wa Nne

Umeme ulikatika Jumamosi, saa tisa kasoro dakika kumi mchana. Saa ya fundi redio ilikuwa ukutani juu ya televisheni, na mimi nilikuwa naandika kila kitu, hata dakika.

Kibanda chake kilikuwa mtaa wa Gungu, nyuma ya mashine ya kusaga. Asubuhi alitengeneza redio, mchana alituwashia gemu: mtu mwenye upanga anavuka milima minane. Ukivuka mlima mmoja, kioo kinakuonyesha namba kumi na sita, mistari minne ya namba nne nne. Ukiziingiza siku nyingine, unaanzia ulipoishia. Huna, rudi nyuma. Kwa umeme wetu ule wa mgao, bila namba usingefika popote.

Kwa hiyo wavulana waliocheza walihitaji karani, na karani nilikuwa mimi, wa kidato cha pili, ambaye darasani hata nikijua jibu naangalia dawati. Pedi ya kuchezea sikushika, watu wakinitazama nakosea vitufe. Lakini kigoda cha mbele kilikuwa changu, puani kabisa mwa televisheni.

"Karani, kichwa!" walinipigia kelele, maana kiliziba sehemu ya chini ya kioo.

Niliipenda kelele ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Kisha akaja yeye. Alikuwa msichana mkimbizi kutoka Kongo, ametoka kambini kwa kibali, kumleta mama yake hospitali. Walifikia kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baada ya siku tatu hakuna aliyeweza kumfikia kwenye gemu. Fundi akamwambia achukue namba zake kwangu.

"Miye siandikake, kaka. Niko nashika mu kichwa."

Akasimama, akazirapu:

"Saba, mbili, tano, nne,
mlima umelala, siye tuuamshe!"

Wavulana wakapiga ndoo. Mmoja akasema, "Karani, umepata mpinzani. Huyu hahitaji hata kalamu!"

Nilicheka nao, nikilibana daftari kifuani. Nyuma ya daftari lile, kurasa kumi na moja, zilikuwa rapu zangu za kemia. Nilikuwa nimetunga jinsi sodiamu na klorini, kila mmoja hatari akiwa peke yake, wakikutana wanakuwa chumvi ya dagaa. Hakuna aliyewahi kuzisikia, hata mama. Na huyu alikuwa na siku tatu tu hapa.

Basi, Jumamosi ile ilikuwa siku yake ya mwisho. Kibali kilikuwa kinaisha Jumapili. Akavuka mlima wa saba, ambao hakuna aliyewahi kuuvuka. Kibanda kizima kikalipuka. Namba zikatokea, nikaandika mbio, mistari yote minne, na umeme ukakatika.

Uliporudi, yeye akaanza kurapu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaishia hapo.

"Wa mwisho sikuuona. Kichwa ya yaya ilikuwa pale." Yaya, kwao dada mkubwa, ndiye mimi.

Wote wakanigeukia. "Karani?"

Nikafunga daftari. "Mitatu tu. Umeme ulinikatisha."

"Aah, Karani na wewe!"

"Siku zote unaziba kioo, leo hata faida hatuioni!"

Yeye hakunilaumu. Alisema tu, "Si kitu, yaya," akaingiza namba za mlima wa sita. Mtu wake mwenye upanga akafa mara mbili, na saa kumi na mbili jioni fundi akazima. Alipokuwa akitoka nilimwona anahesabu kwa vidole, midomo ikicheza, akijaribu kukisia namba nne alizokosa. Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa: nilifurahi mpaka nilipofika nyumbani, nikafungua ukurasa, nikaziona zimekaa pale, mwandiko wangu mzuri, hazina kazi kwa mtu yeyote.

Asubuhi yake, kabla ya kanisa, nilikwenda kwa shangazi yake. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika kitenge, mfuko wa dawa mapajani. Nikamwamkia. Binti alikuwa akifunga vyombo kwenye ndoo.

"Sita, tisa, moja, nane," nikasema.

Akaacha kamba. "Jana ulikuwa nazo?"

"Nilikuwa nazo."

Akaiokota kamba, akakaza fundo. Nilitamani anitukane.

"Daktari amesema tumurudishe mama mwezi ujao," akasema. "Nitaanzia mlima ya nane." Kisha palepale, hata pumzi hajavuta:

"Sita, tisa, moja, nane,
mwezi ukiisha siye tuonane!"

Wivu ukanichoma upya, pale pale mlangoni. Mimi ningehitaji usiku mzima.

"Lakini andika," akasema, akininyooshea mkono. "Leo kichwa iko na mama."

Nikatoa kalamu, nikamshika kifundo cha mkono, nikaandika taratibu juu ya ngozi, namba moja moja, nikikandamiza ili zisifutike kwa jasho la njiani.